Marehemu Menza, Aliyemnyima Mwanawe Jina la Babu

Barnabas Menza Kaingu alizaliwa Jibana tarehe 9 Machi 1924, mwana wa Mzee Kaingu na Mama Mwanarusi. Mzee Kaingu hakujua kutulia. Alianza shamba, akaanza zizi, vyote vikabaki nusu, na pombe ya mnazi ikamtawala.

Menza alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alikuwa mwepesi wa kushika, ila yeye na benchi hawakuelewana.

Mwaka 1942 alivuka kuja kisiwani, akawa seremala katika karakana ya Mzee Abdulghafur, Kuze. Asubuhi moja alitumwa misumari Makupa, akarudi alasiri mikono mitupu, ana grisi hadi viwikoni.

"Menza, misumari i wapi?"

"Nimeisahau, bwana. Lakini lile lori lililokwama njiani laenda sasa."

Mwenye lori hakumjua Menza hata jina. Mzee Abdulghafur alicheka, akaenda kuinunua misumari mwenyewe.

Tarehe 7 Desemba 1946 Menza alifunga ndoa na Loise, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu angeitwa Kaingu, kama babu yake. Menza, ambaye tayari alikuwa ameanza kunywa, alikataa katakata.

"Jina la baba laja na kiu yake," alisema. "Mwanangu simtwiki."

Akamwita Charo. Mzee Kaingu alikufa bila mjukuu wa jina lake, na jambo hilo lilimuuma mzee hadi mwisho.

Mwaka 1961, pombe ilipomzidi, Menza alihamia chumba cha peke yake karibu na Kibarani ili Charo asimwone akilewa. Loise alimpelekea chakula, na mara nyingi alikikuta cha jana hakijaguswa. Jirani walipoketi kula na watoto wao, Menza alifunga mlango asiwasikie. Alikuwa mpweke mno, na upweke huo aliuchagua kwa kumpenda mwanawe.

Mwaka 1966 ini lilianza kumsumbua. Charo, ambaye alikuwa ameacha kazi nyingine tena, alikuja kumuuguza, na Menza akasikia harufu ya mnazi kinywani mwake. Aligeukia ukutani akalia. Daktari alituambia anashuku kwamba kutotulia na kiu ya pombe huenda vyatoka shina moja katika damu, ingawa hakuna mwenye hakika.

"Basi nalimnyima jina bure," Menza alisema.

Alitutoka tarehe 14 Agosti 1968.

Ameacha mjane wake Loise, dada yake Mbeyu, na mwanawe Charo. Huenda hata sasa, nisomapo haya hapa mazikoni, Charo amekwisha kuinuka akatoka nje. Tafadhali msimkaripie. Mungu amjalie Menza utulivu alioukosa, na mmoja wenu atoke akaandamane na mwanawe.