Upande Mmoja wa Kichwa cha Mkuu wa Bwawa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka kinyozi wa kona ya soko, mzee tuliyemwita Taratibu. Hakuna mtangazaji anayemjua kunishinda. Kaninyoa tangu sina hata ndevu moja, na nawahakikishia: mzee yule hakuwahi kumwekea mtu kinyongo.

Binti yake, niliye naye hapa studio, ananitazama kwa jicho la "endelea tu kujichimbia kaburi". Haya, nakubali. Kinyongo alikuwa nacho. Tena cha kufuga.

Mnayakumbuka mafuriko. Mkuu wa bwawa alijua mchana ule kwamba milango ya maji itafunguliwa. Narudia: alijua. Hakupiga king'ora. Redioni likasomwa tangazo lake: tulieni majumbani. Mke wa Taratibu akatulia nyumbani. Maji yakamkuta jikoni, redio bado inaongea.

Taratibu hakulia mbele za watu. Alitoa tope saluni, akakausha kiti, akarudi kazini. "Baba alikuwa ananoa tu," anasema binti. "Nikadhani ananoa wembe."

Kisha wakaja wapiga filamu, kuonyesha jinsi jiji letu lilivyosimama upya. Mmeiona: soko jipya, daraja jipya, rangi mpya. Mkuu wa bwawa naye akaitwa aeleze alivyotuokoa. Alivyotuokoa, wasikilizaji! Kamera zikapangwa sokoni, naye akaona aingie kwa Taratibu mara moja, apendeze.

Taratibu akamfunga kitambaa, akamwita mheshimiwa, akamuulizia watoto. Akanyoa upande wa kushoto mpaka ngozi ikang'aa. Kisha akazima mashine, akafungua kitambaa, akakikung'uta.

"Bado huku, mzee," akasema mkuu.

"Huko atamalizia mke wangu, ukimwona. Kwa sasa nenda ukatulie nyumbani."

Kamera zinasubiri. Saluni ya jirani ikamkataa, na iliyofuata ikamkataa. Vinyozi wote wa soko kawafundisha Taratibu. Ndiyo maana kwenye filamu mkuu anaongea akitazama pembeni mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyelala vibaya shingo ikakaza. Jiji zima linajua upande wa pili una nini. Wajukuu zake wataiona filamu ile, na iwaume. Taratibu aliiangalia kila Jumapili, na kila Jumapili alicheka. Wiki iliyopita kifua kikamzidi, akatutoka.

Familia, poleni sana. Nasi wengine tujiulize: mtu aliyewaambia wenzake watulie huku maji yanakuja, anastahili kupata usingizi? Mimi nasema hapana. Asisamehewe hata mmoja aliyehusika na tangazo lile.

Binti anaivuta maikrofoni.

"Waliotoka kwenye kiti cha baba wamenyolewa nusu walikuwa wawili, kaka. Wa pili ndiye aliyelisoma lile tangazo. Mimi nilikuwa nafagia nywele zake. Wasikilizaji, muulizeni mtangazaji wenu kwa nini mwezi mzima alikuja kazini na kofia."