Memcha Aligonga Nguzo

Kwenye bajaji ya kutoka sokoni hapa mjini Imphal, India, niliwapa kisogo wanawake wawili, lakini masikio niliyaacha kwao. Ibetombi ndiye kiongozi wa akina mama wanaopiga vita pombe mtaani kwetu. Mwenzake, Memcha, jana alinusa gongo uchochoroni, akagonga nguzo ya umeme kwa jiwe kuwaita wenzake. Wakatoka mbio, wakamnasa mwana wa Memcha mwenyewe, Ingocha.

“Leo ataomba radhi mbele ya mtaa mzima,” Ibetombi alisema.

“Dada, mkimwaibisha atahamia kwa walevi moja kwa moja.”

“Mbona mwanangu mlimsimamisha mbele ya mtaa?”

“Wako alikuwa anaimba!”

Nilijikohoza kuficha kicheko. Ibetombi hakuficha chake. “Na nguzo uligonga mwenyewe.”

“Ningejua ni yeye, ningegonga kichwa chake.” Kisha akapunguza sauti. “Ndiye huyo mmoja tu niliye naye.”

Ibetombi akamshika mkono.

Bajaji ikasimama kwenye kibanda ambamo akina mama hao hukesha doria. Ingocha alikuwa ameketi katikati yao, ameinamisha kichwa, kikombe cha chai mkononi. Memcha akajifuta macho. “Basi wa kwanza kumgombeza niwe mimi.”

“Jipange, shoga. Foleni ni ndefu.”