Nyumba ya Disemba

Benchi yangu iko nje ya duka la mbolea, hapa soko ya Sirisia, na kama hujaikalia basi hujui vile wanaume wazima wanaweza kumaliza asubuhi bila kufanya kitu. Mimi ni Nasambu, mwenye birika. Nauza kahawa na nduma, magimbi kwa wengine. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imetupiga wiki tatu mfululizo, na wote walikuwa wamefika mapema kwa sababu ya Kisiwani. Kisiwani ni Wamalwa. Tulimpa hilo jina kwa vile kila neno lake lilianza na "kule kisiwani". Alifanya kazi Mombasa miaka thelathini na moja, anakuja nyumbani Disemba tu, na mwaka huu Januari akastaafu, akarudi kabisa, akaingia kwa nyumba yake mpya ya matofali kule chini karibu na mto. Mvua ikamfuata ndani. Sasa mke wake Agneta, mama Viola, aliyezaliwa hukohuko Mombasa na bado anakaa Tudor kwa vyumba vyao vya kupanga, alikuwa njiani kuja kuiona. Akiipenda, anahama. Akiikataa, anarudi Tudor, na mzee achague: amfuate au abaki na vyura.

— Amefika Bungoma, Wamalwa akasema, simu mkononi, gambuti zimejaa matope mpaka magoti. Baada ya saa moja hivi atakuwa hapa. Jamani, nimwambie nini?

— Mwambie ukweli, akasema Baridi. Huyu ni Kibiwott, anauza vitunguu kutoka Saboti, na havui koti hata jua likiwaka. Mwambie, akaendelea, kisiwa si mahali pa kuzeekea. Kisiwa haijashikwa na kitu, bana. Iko tu hapo juu ya maji. Kila mwaka inasonga kidogo kuelekea India.

— Nani alikuambia? Wamalwa akauliza.

— Si ndio maana walijenga daraja? Ni ya kuishikilia.

— Daraja si kitu, akadakia Redio. Huyo ni Mukhwana, alikuwa karani wa chifu, na tangu astaafu hajawahi kuvuta pumzi. Shida, akasema, ni chumvi. Wewe mwenyewe ulituambia bati ya Mombasa haimalizi miaka kumi. Sasa fikiria figo! Mtu wa huko akifika miaka sitini, ndani ni kutu tupu. Ukimgonga mgongoni, ngo!

— Mke wangu ana hamsini na nane.

— Basi amebakisha miwili. Mhamishe haraka.

Tukacheka. Wamalwa hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe mkononi, kahawa inapoa.

— Nyinyi mnacheza, akasema. Kule kisiwani nimeishi miaka thelathini na moja, na mwenye nyumba mpaka leo ananiita yule wa bara. Nikija hapa mnaniita Kisiwani. Sasa mnataka niende wapi?

— Si uko kwenu? Nyongesa akasema. Hapa ni kwenu, bana.

Nyongesa ni mdogo wake, tumbo moja. Hukaa mwisho wa benchi, karibu na barabara. Ndiye analima shamba la juu, lile zuri la marehemu baba yao, na hukaa kimya sana kwa mtu mwenye shamba zuri hivyo.

— Wahenga walisema, Redio akaanza.

— Wacha wahenga wapumzike, nikamwambia. Kunywa kahawa. Kisiwani, maji imefika wapi leo?

— Kwa kitanda. Nimeinua kitanda na matofali, matatu kila mguu. Nikilala nasikia vyura wanaongea chini ya godoro.

— Ni mvua ya mwaka huu, Nyongesa akasema haraka. Haijawahi kunyesha hivi.

— Haijawahi, Redio akasema.

— Hata kule juu mlimani, Baridi akasema. Haijawahi.

— Haijawahi, na mimi nikasema, nikimwongezea Wamalwa kahawa ambayo hakuomba.

Akatuangalia mmoja mmoja, uso umelainika kidogo.

— Mtamwambia hivyo? Nyinyi wote? Nikisema peke yangu ataona najitetea. Mkisema wote ataamini. Huyu mama hajanunua hata kiti Tudor, miaka kumi na miwili tangu tuanze kujenga. Kila nikimwambia tununue, ati tutanunua nyumbani. Pesa yote ilikuja hapa. Kila Disemba tunapanda kozi mbili za matofali, kozi tatu, tunasimama. Sasa hivi ako na pazia kwa furushi. Amezishona mwenyewe, za madirisha yote.

— Tutamwambia, Redio akasema.

— Nilisimama pale na Nyongesa, Wamalwa akasema, Disemba ile ya kutafuta kiwanja, jua kali, nyasi imekauka vizuri, tambarare kama meza. Nikamwambia, hapa. Nasikia mto, naona mlima. Hapa hapa.

— Wewe mwenyewe ulichagua, Nyongesa akasema.

— Nilichagua mwenyewe. Sikatai.

Baridi huwa hawezi kimya.

— Mimi najua hii mvua imetoka wapi. Ni watu wa ng'ambo ya Lwakhakha, kule mpakani. Wakitaka kuvuka na mizigo bila kuonekana, wanaleta mawingu.

— Uongo, Redio akasema. Ni bahari. Kisiwani amekaa na maji miaka thelathini na moja, maji imemzoea. Alipopanda basi, ikasema, aa, huyu anaenda wapi? Ikamfuata kwa harufu!

Walicheka mpaka benchi ikalia. Wamalwa naye akatoa meno safari hii, maskini, ili asionekane amekasirika na watu wanaomsaidia.

Pikipiki ikaingia kutoka upande wa Chwele. Agneta akashuka pole pole, mama mnene wa leso mbili, begi moja mgongoni na furushi kubwa amelikumbatia kifuani. Viatu vyake vya kufunguka vidole vikazama kwa matope ya Sirisia papo hapo.

— Hamjambo nyote? Jamani, baridi hii mwaiwezaje?

— Mama, mvua ya mwaka huu imezidi! Redio akapaza sauti. Haijawahi kunyesha hivi, haki ya Mungu!

— Mbona sijauliza bado, baba? akasema akicheka.

Akampa Wamalwa mkono, akamwangalia gambuti, akamwangalia macho. Nikampangusia mahali pa kukaa, nikampa kahawa na nduma kwa sahani. Furushi akaliweka mapajani lisiguse chini. Alikuwa na njaa ya safari. Akamenya moja, akala, akamenya nyingine.

— Mh! Laini hizi! Zile tuuziwazo sokoni Kongowea ngumu kama gome. Wazilima wapi, dada?

Redio akafunga mdomo. Sijawahi kuona. Baridi akapandisha kola ya koti. Nyongesa akaangalia barabara kama mtu anangojea gari.

Mtoto yeyote wa huku anajua nduma inataka kusimama ndani ya maji. Na hizo nilizitoa jana yake, nyuma ya jikoni ya Wamalwa, akiwa hapa sokoni. Zinaota zenyewe kutoka mizizi ya zamani. Kabla ya ile nyumba, pale pote palikuwa nduma zangu, Nyongesa alinipa nipande kwa vile mahindi yalikuwa yanaoza kwa maji kila mwaka. Halafu mwaka ule, Novemba, akaja akaniambia: ng'oa zote, mzee anakuja kutafuta kiwanja, akute mahali safi. Nikang'oa. Redio alitusaidia kuchoma majani. Baridi alibeba magunia akauza Kitale. Na Disemba tukakaa hapo hapo tukala kuku ambaye Nyongesa alimchinjia Wamalwa, tukamsifu macho yake yanajua ardhi. Nyongesa alitaka shamba la juu. Sisi wengine tulitaka Disemba zake, na pesa alizokuja nazo, ziendelee kuja.

— Dada? Agneta akasema. Au ni siri ya biashara?

Wamalwa alikuwa na kipande cha nduma mkononi, ameuma nusu. Akakiangalia kama mtu anayekumbuka yale majani mapana nyuma ya jikoni yake. Akamwangalia Nyongesa, muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi.

— Nasambu, akasema. Mwambie mama Viola unalima wapi.

Nilishika birika. Nilitafuta jina la mahali, mahali popote, na kila jina nililopata yeye alilijua.

Akarudisha kile kipande kwa sahani. Akasimama, akachukua begi la mkewe, akamwita yule wa pikipiki aliyekuwa anasubiri nauli.

— Washa. Utaturudisha Bungoma.

— Kwani nyumba hatuendi kuiona? Agneta akauliza. Na pazia je?

— Panda, mama Viola. Zitatosha Tudor.

Akamsaidia kupanda, akampa furushi lake, akaketi nyuma yake na zile gambuti. Pikipiki ilipoanza kusonga akageuka.

— Nyongesa. Disemba usinichinjie kuku.