Zipora Chilongani, Aliyekataa Kuuza Hisa

Mchungaji wetu, wazee wa Bahi, majirani wa Ihumwa na ninyi nyote mliofika kutufariji, familia inaomba mtusikilize kidogo, tumwelezee ndugu yetu kabla hatujamsindikiza.

Marehemu Zipora Luka Chilongani alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Bahi, mtoto wa tatu wa mzee Luka na mama Dorothea, na kwa kuwa baba yake alifariki mapema, alilelewa na mjomba wake, mzee Sila, aliyeuza ng'ombe ili binti asome. Alisoma shule ya msingi Bahi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari Msalato, akamaliza kidato cha sita Tabora, na mwaka 1992 akahitimu uhasibu Mzumbe, na siku aliyorudi mzee Sila alizunguka naye kijiji kizima, utadhani aliyehitimu ni yeye.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa na Mfuko wa Akiba ya Uzeeni, akapanda hadi kuwa meneja wa uwekezaji hapa Dodoma, na kazi yake, kwa ambao hatukuwahi kuielewa, ilikuwa kununua hisa za makampuni kwa michango ya wafanyakazi, ili walimu na wauguzi wakistaafu wakute kitu. Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Denis Mkunda wa reli, wakajenga Ihumwa, wakajaliwa watoto wawili, Gladness na Joshua.

Mwaka 2018 maji machafu ya kiwanda cha ngozi, ambacho Mfuko ulimiliki robo ya hisa zake, yalianza kuingia majarubani Bahi, mpunga ukawa wa njano ungali mchanga, na shamba la mzee Sila lilikuwa la kwanza. Kiwanda kiliipa shule madawati, kikapiga picha, kikasema huo ndio wajibu wake kwa jamii, na Zipora, ambaye ulimi wake mnaujua, akawaambia wakurugenzi kwamba ng'ombe hawanywi madawati.

Kijiji kilidai Mfuko ujitoe, na wakubwa zake nao walitaka kuuza hisa wanawe mikono, lakini Zipora alikataa, akawaeleza kwamba wakiuza atanunua mtu asiyejua hata Bahi iko upande gani, na wao hawatakuwa tena na kura ya kumbana mtu. Nyumbani ilifika habari moja tu, kwamba Zipora ndiye aliyezuia, watu wakasema amekula na kiwanda, na mzee Sila akaacha kuitikia shikamoo yake. Kila alipokwenda Bahi aliinama, akamwamkia, mjomba akatazama ng'ombe wake, naye akaenda jikoni kusaidia wenzake. Ilimuuma sana, na mumewe anajua alivyolia.

Hata hivyo alizifuata taasisi nyingine zenye hisa pale, mifuko miwili na kampuni ya bima, akaziunganisha hadi kura zao zikapita nusu, na katika mkutano mkuu wa Juni 2021 wakamwondoa mwenyekiti wa bodi, wakakubali kukosa gawio ili fedha zijenge mabwawa ya kusafisha maji. Mabwawa yalikamilika Septemba 2023, na mwaka uliofuata Bahi ikavuna. Hata hapo mzee Sila hakuitikia shikamoo yake, kwa aibu, na ni yeye aliyetuagiza tulisome hili bila kuficha.

Januari 2025 Zipora aligundulika kuwa na saratani ya koo, akatibiwa hapa Dodoma na Dar es Salaam, na ilipofika Oktoba sauti ilikuwa imekatika kabisa. Tarehe 2 Novemba mzee Sila aliingia wodini, Zipora akajaribu kuinuka, midomo ikacheza bila sauti, na mzee akamshika mkono akasema marahaba, akarudia, marahaba mwanangu, marahaba, mpaka muuguzi akatoka nje. Alifariki tarehe 6 Novemba, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani wa Ihumwa mlioubeba msiba huu kama wenu, na akina mama wa Bahi mliokuja na mchele, ambao ni wa shamba la mzee Sila, na anaomba tule wote.

Zipora, umeitikiwa. Pumzika kwa amani.