Sindano, Aliyekataa Jina la Mumewe Liwekwe Getini

Jamani, kabla sijaanza kusoma, kila mmoja aape kwanza kimoyomoyo kwamba nitakayoyasema hapa yataishia chini ya hema hili, msiyapeleke sokoni, msiyapeleke saluni, wala msiyatume kwenye hizo simu mlizoficha mapajani, najua mko wengi mpaka wengine mmekaa kwenye ukuta wa jirani, lakini siri ya wengi nayo ni siri, ilimradi kila mtu afunge mdomo wake mwenyewe, asimwachie mwenzie kazi hiyo. Mmeapa? Haya. Mimi ni wifi yake marehemu, dada wa mumewe, shangazi wa mwanawe, tarehe nimepewa na familia, maneno ni yangu, na anayetaka kucheka acheke, maana marehemu hakuwahi kuvumilia mtu aliyenuna pasipo sababu.

Marehemu, ambaye mtaa mzima tulimwita Sindano, alizaliwa tarehe 3 Mei 1958, mtoto wa tano na wa mwisho wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha ufundi, ambako kitanda cha mama yake kilipakana na rundo la ngozi, na wenyewe walikuwa wakisema mtoto huyu alijua harufu ya gundi kabla ya harufu ya maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akaishia darasa la sita, si kwa ujinga, hesabu alikuwa anawashinda kaka zake wote, ila macho ya baba yake yaliingia ukungu, akahitajika mtu wa kushona, na kaka zake kila walipoitwa walikuwa na safari. Basi akakaa kwenye kigoda cha baba yake, akashona, na jina la Sindano likamkaa hapo, nusu kwa sababu ya mikono na nusu kwa sababu ya ulimi, kwa mfano yule mama mnene aliyemletea viatu akilalamika vinambana, Sindano akavigeuza, akavitazama, akamwambia, "Mama, ngozi nitaivuta, lakini hicho kidole gumba kakipunguze kwako."

Mwezi Machi 1979 aliajiriwa kwenye uwanja wa mbio za farasi, ule ambao geti lake lina herufi za chuma zinazosomeka Uwanja wa Kanali, akawa fundi wa matandiko na hatamu, akapewa chumba chini ya jukwaa la watazamaji, chumba chenye dirisha moja la chini, ukikaa humo unaona miguu tu inapita, ya watu na ya farasi, naye akajifunza kumtambua mtu kwa viatu vyake kabla hajabisha hodi. Huyo Kanali ndiye aliyeujenga uwanja enzi hizo, na wazee wetu waliomtunzia farasi walitoka kwake na mistari mgongoni, kiboko chake bado kiko pale ukumbini ndani ya kabati la kioo, kinafutwa vumbi kila Jumatatu kama mtoto mchanga.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na kaka yangu, mtunza farasi, ambaye watu walimwita Mpole, na alikuwa mpole kweli, akiambiwa sogea anasogea, akiambiwa rudi anarudi, mpaka mama yetu alisema huyu mtoto akifa ataomba radhi kwa kuchukua nafasi. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1986, na binti huyo mwaka 2006 aliolewa na kijana wa Msimamizi wa mabanda, yule aliyekuwa bosi wa Mpole, wakawa wakwe, wanakula sahani moja, na wajukuu watatu wakapatikana ndani ya nyumba ya huyo Msimamizi.

Tarehe 9 Agosti 2011 kaka yangu alifariki bandani, alibanwa ukutani na dume mwekundu, farasi mshindi wa mbio nyingi na mshenzi wa tabia, na Msimamizi akawatangazia watu kwamba Mpole amekufa kazini, akiwa zamu, amekufa kishujaa, tukalia, tukazika, na wifi yangu akarudi chini ya jukwaa kushona, kwa sababu ngozi haijui matanga.

Sasa mwaka 2015, kama mnavyokumbuka, na msijifanye hamkumbuki, watu walichoka kupita chini ya jina la mwenye kiboko, wakaanza kudai uwanja ubadilishwe jina uitwe Uwanja wa Mpole, na aliyeshika usukani wa madai hayo alikuwa Msimamizi, alizunguka mlango kwa mlango, akachapisha fulana zenye uso wa kaka yangu, uso wenyewe umetoka kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki, lakini tulivaa. Mtaa ukapasuka katikati, wauza majani ya farasi wakasema jina libadilike, wenye maduka ya mbele ya geti wakasema wajukuu wa Kanali, wenye uwanja, wakichukia watahamisha mbio na sisi tutauza nini, ndugu wakanuniana, kinyozi akaweka viti viwili mbali mbali, hiki cha wa Kanali na hiki cha wa Mpole, na baba mmoja akatoka humo amenyolewa upande mmoja kwa sababu alibadili msimamo katikati ya kunyolewa.

Kamati ya uwanja ikasalimu amri, ikasema sawa, jina litabadilishwa, ilimradi familia ya Mpole ikubali mbele ya watu, na tarehe 21 Februari ukumbi ukajaa, kina mama wameshaweka vigelegele kooni, Sindano akaitwa mbele, akapanda na aproni yake ya ngozi, akasema, "Jina la mume wangu si la geti. Tafuteni jingine." Akashuka. Sauti ikatoka nyuma ya ukumbi, "Wamekulipa ngapi?" Naye bila kugeuka akajibu, "Ningelipwa ningekuja na viatu vipya." Wajukuu wa Kanali wakacheka mpaka wakafutana machozi, wakasema kama hata mjane hataki sisi tufanyeje, herufi za chuma zikapakwa rangi ya dhahabu, zikang'aa kuliko mwanzo, na kila mtunza farasi aliyeonekana na fulana akaachishwa kazi, na mmoja wao alikuwa mume wa binti yake.

Hapo ndipo mlipomwonyesha rangi zenu. Sisemi hamkuumia, watu walipoteza kazi, watoto walirudishwa nyumbani kwa ada, hilo halina ubishi, lakini mlimfanya nini mjane wa watu? Mlimpa jina, mkamwita Mama Kanali, watoto wadogo wakaliimba nyuma yake barabarani, mlihama benchi la bombani alipokaa, mlipeleka viatu vyenu kwa fundi wa mbali anayeshona kama anafunga gunia, mlikataa hata kumwazima moto, na msiba ulipotokea kwake wa dada yake mlipita mkitazama juu kana kwamba mnahesabu kunguru. Binti yake mwenyewe alisimama mlangoni, akamwambia, "Mama, umemzika baba mara ya pili," akaondoka na watoto, akakaa miaka bila kukanyaga pale, na marehemu alimjibu neno moja tu, "Funga geti, kuku watatoka," na kuku wenyewe alikuwa hana.

Aliendelea na kazi mpaka alipostaafu Desemba 2018, na kila asubuhi alipita chini ya herufi zile za dhahabu, na watu wakasema, mtazame, anaringa.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kugoma, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu, aliyekuwa akimsukuma mpaka kituoni ni muuza maji, kwenye mkokoteni wake, amemkalisha kati ya madumu, na marehemu huko juu anamkosoa anavyokata kona. Mwaka uliopita binti alirudi, alimwogesha mama yake, akamlisha, akamkata kucha, kila mara akauliza, "Mama, ulikataa kwa nini?" na kila mara akajibiwa, "Nipe maji." Tarehe 12 Juni 2024, asubuhi, wodini, marehemu aliaga dunia, ameacha binti mmoja, mkwe mmoja na wajukuu watatu, na hakuacha maelezo.

Maelezo ninayo mimi, na ndiyo niliyowaapishia.

Siku ile ya Agosti kaka yangu hakuwa zamu, wala hakuwa mfanyakazi wa pale tena. Alikuwa ameacha kazi asubuhi ile, amerudisha funguo, amemwambia Msimamizi kwamba dume lile limeshavunja watu mbavu na uongozi hautaki kuliondoa kwa sababu linashinda, basi wakae nalo wao. Alirudi nyumbani mchana kweupe, buti zake ndani ya kiroba, kikombe chake cha chai kimefungwa kwenye ukanda wa koti, anacheka, mkewe akampakulia chakula, wakakaa wanapanga kufungua kibanda chao, yeye akate ngozi, mke ashone. Hodi ikabishwa. Ni Msimamizi, jasho linamtoka, mwenye dume amefika na wageni, anataka litolewe nje alionyeshe, na hakuna mtu anayethubutu kuingia.

"Ndugu yangu, mara hii moja tu."

Sindano akamwambia, "Huyu ameshaacha kazi. Ingia wewe."

Kaka yangu, mpole wa watu, akainuka, akamwambia mkewe, "Usiondoe sahani, narudi," na hakurudi.

Jioni Msimamizi alikwenda kwa mjane, akapiga magoti, akamwambia ikijulikana kwamba alimwita mtu aliyeacha kazi ndani ya banda lile, atafukuzwa na atafungwa, na nyumba yake ndiyo inayomlisha binti wa Sindano, na mtoto mchanga yumo humo. Marehemu akamtazama, akamtazama, akasema, "Inuka, unachafua suruali." Akanyamaza. Alinyamaza kwa ajili ya binti yake na wajukuu wake, akaacha mumewe aitwe shujaa wa zamu ambayo hakuwa nayo.

Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kuandikiwa uongo kwa herufi za chuma ni jambo jingine. Baada ya mkutano ule Msimamizi alimfuata chini ya jukwaa, akamuuliza kwa nini anamnyima nafasi ya kumheshimu Mpole, na marehemu, huku anavuta uzi, akamwambia maneno haya, na naomba myasikie vizuri, "Mume wangu alitoka pale kwa miguu yake, akiwa mzima. Wewe ulimrudisha. Sasa unataka kumsimamisha getini awe bawabu wa kina Kanali, ili wewe ulale usingizi? Nimekufichia. Kupita chini ya uongo wako kila asubuhi, hapana." Msimamizi akatoka mle ndani, akawakuta mmesimama nje mnamtukana Sindano, neno moja lingetosha, akalimeza, akaenda nyumbani.

Binti yangu, usilie kwa kujificha, lia tu, mama yako hakukudharau, mama yako alikulipia kodi ya nyumba kwa jina lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule muuguzi aliyekubali kutukanwa na marehemu kila sindano ilipokosea mshipa. Tunamshukuru muuza maji, Mungu ampe magurudumu mapya. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa uwanjani, shada lenu la maua tumelipokea, utepe wenye jina la uwanja tumeukata, uko pale jikoni, mnaweza kurudi nao. Tunawashukuru majirani, mmekuja wengi, viti havikutosha, wengine mmefika kabla ya sisi wafiwa, tungefurahi zaidi mngefika wakati mwenyewe ana macho ya kuwaona.

Na mnaonong'ona kwamba haya nimeyatunga, niacheni nimalize. Aliyenisimulia ni mkwe wetu mwenyewe, Msimamizi, yule pale mstari wa mbele mwenye kofia magotini. Juzi alinifuata nyuma ya jiko, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akayatoa yote, hata aliyoyasikia mlangoni kwao kabla hajabisha hodi, nikamwambia, simama siku ya mazishi uwaambie watu, akasema miguu haitamshika, kisha akanishika mkono akanisihi nisimwambie mtu yeyote. Mtaa huu una wanawake wangapi wanaojua kutunza siri, nao anawafahamu wote, na akaja kwangu.

Pumzika kwa amani, wifi, umeshasemewa.