Karatasi Namba Kumi na Saba

Mheshimiwa Baba Askofu, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wahitimu ishirini na watatu, mliovaa majoho yaliyonyooshwa vizuri kuliko insha zenu, wazazi na walezi, na wewe mama yangu, uliyekaa safu ya tatu nyuma ya nguzo ukidhani sikuoni: nawasalimu nyote kwa jina la Bwana.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga mwalimu mwenzangu anayestaafu leo. Mkuu wa Chuo ameniomba niseme mema tu. Nitajitahidi, ingawa yeye mwenyewe anajua kwamba kunipa kipaza sauti na kuniomba upole ni kuomba mawili kwa mpigo.

Mwalimu huyu wanafunzi humwita Tangu Awali, kwa sababu hakuna swali ambalo hakulijibu kwa kuanza hivyo: tangu awali Mungu alikwisha kuwachagua walio wake, na aliyechaguliwa hapotei. Mimi huniita Hiari, kwa sababu nimefundisha mpaka sauti ikakauka kwamba Mungu hamvuti mtu mbinguni kama mbuzi wa kamba. Hubisha hodi, na mlango hufunguliwa na aliye ndani. Kati ya madarasa yetu pana ukuta wa mbao. Kwa miaka ishirini na miwili, yeye akitaja uteule, mimi nagonga mbao. Nami nikitaja uamuzi wa mtu, yeye anakohoa. Wanafunzi wangu walikuwa wakihesabu vikohozi na kuandika jumla kwenye madaftari yao. Msicheke, ninayo madaftari hayo.

Mema yake ninayajua. Nilipougua homa wiki mbili, alikuja kila siku saa kumi jioni, akavuta kiti, akabishana nami mpaka nikapona kwa hasira. Hajawahi kusema nyuma yangu neno ambalo hajanitupia usoni. Ni wangapi humu ndani wanaoweza kusema hivyo juu ya rafiki zao?

Husemwa fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tumekaa. Ila hakuna aliyeuliza ndama walilala wapi.

Wageni waalikwa, hapa chuoni tuna kanuni ambayo haikuletwa na hekima, ililetwa na uchovu. Kila mwaka mtihani wa mwisho una swali moja la lazima: mwanadamu huokolewa kwa kuchaguliwa na Mungu, au kwa hiari yake mwenyewe? Zamani nilikuwa nikimfelisha aliyemwandikia Tangu Awali, naye akimfelisha aliyeniandikia mimi, na wazazi wakawa wanashinda ofisini kwa Msajili. Bodi ikachoka. Ikaamua kwamba swali hilo tulisahihishe sote wawili, na anayepasi kwa mmoja amepasi. Tangu hapo miaka kumi na minne imepita bila mtu kuanguka. Mwanafunzi hachunguzi tena Maandiko. Anachunguza yupi kati yetu ana mwandiko unaosomeka, kisha anajiunga na kambi. Ninyi mnaoketi hapo mbele na majoho yenu mnajua ninasema nini. Na sisi tuliokuwa tukisahihisha tulidhani tunatetea imani.

Mwaka huu ameanguka mmoja. Karatasi namba kumi na saba, maana watahiniwa wetu huandika namba, si majina. Tangu Awali alimpa thelathini na nane, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hajataja uteule." Mimi bila kujua nilimpa thelathini na nane hiyo hiyo, nikaandika: "Hajataja hiari." Miaka ishirini na miwili, na hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana.

Niliisahihisha kati ya kikombe cha chai na kikao. Sikumbuki kama nilimaliza chai.

Jana mchana mama yangu alifika kwangu. Alikuja, akasema, kumwona akipewa cheti yule muuguzi wa wodini, ambaye alisikia anasoma hapa jioni baada ya kazi. Nikamuuliza muuguzi gani. Akasema, "Yule binti aliyeniletea beseni."

Hapo nikaacha nilichokuwa nikifanya. Mwezi wa nne kaka yangu mkubwa, fundi wa mapaa, alianguka kutoka juu ya jengo. Alilala siku tatu hospitalini bila kusema neno, akafariki. Alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miaka thelathini. Mama alikaa pembeni ya kitanda, na siku ya pili akanipigia simu mimi, mwanawe msomi, akaniuliza kama kaka atapokelewa. Nami nilimjibuje? Nilimwambia kwamba kila mtu hujibu mwenyewe, na kwamba kaka alikuwa na miaka arobaini na tisa ya kujibu. Nilisema hivyo kwa mama yangu mzazi. Kwa simu. Tangu Awali naye alikwenda wodini jioni ile, akamwambia mama kwamba kama mgonjwa alikuwa wa Bwana basi ni wa Bwana. Mama akamuuliza, na kama hakuwa? Mwalimu wetu akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Na hilo beseni nilikuwa nimelisoma mahali. Nikaenda kwa Msajili, nikaomba karatasi namba kumi na saba. Ni ukurasa mmoja na nusu. Mwandishi hataji jina wala kazi ya mgonjwa, kama inavyompasa muuguzi. Anasema tu mgonjwa wa kitanda cha dirishani, na mama yake. Ruhusuni nisome mwisho wake.

"Mama aliniuliza kama mwanawe amechaguliwa au alipaswa kuchagua, kwa kuwa kila mtu alimwambia lake. Nilimwambia sijui. Nilimwambia mimi na yeye hatukai kwenye kiti kile cha hukumu, lakini anayekaa pale si mgeni kwa mwanawe, alimjua kabla yetu. Nikamletea beseni na kitambaa, akamwosha uso. Alipomaliza akaniuliza kama mimi nampenda Mungu huyo ninayemsema. Nikasema ndiyo. Akasema, basi nitamwachia. Naomba walimu wangu waniambie kama nilikosea jibu, maana wodini nitaulizwa tena wiki hii."

Thelathini na nane.

Wasomi wenzangu, mtu alituuliza swali. Hakulitoa vitabuni, alilitoa kitandani, huku kazi ikimsubiri. Nasi tulifanya nini? Tulitafuta neno letu kwenye insha yake kama mtu anayetafuta ufunguo wake mfukoni mwa mwenzake, na tulipolikosa tukasema mfuko ni mtupu. Nimesoma mabuku juu ya wokovu ambayo hayatoshei begi moja. Hakuna hata moja lililonifundisha kumletea mama yangu beseni.

Muuguzi huyo yupo. Amekaa nyuma kabisa, na sare ya kazi, kwa sababu zamu yake inaanza saa nane. Amekuja kuwapigia makofi wenzake. Hospitali imemtengea nafasi ya kuwahudumia wagonjwa kwa faraja na sala, mradi apeleke cheti Jumatatu. Asipopeleka, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wengi mnajua mwingine huyo anavyowahi kuondoka wodini.

Mtaniuliza, Hiari, kwa nini usibadilishe alama zako? Siwezi. Karatasi inamhusu mama yangu na marehemu kaka yangu. Kanuni inamkataza mtahini kugusa alama za karatasi inayomhusu ndugu yake, na nimemweleza Msajili mwenyewe. Jana nilimfuata Tangu Awali, nikamkuta akipanga vitabu kwenye maboksi. Nilimsihi. Akanisikiliza, kisha akasema, "Ndugu yangu, huo ni upendeleo. Aliulizwa swali, hakujibu. Huruma si alama."

Kwa saa nzima nilimwita majina ambayo sitayarudia mbele ya Baba Askofu. Lakini usiku wa kuamkia leo sikukasirishwa naye. Nilikasirika kwa kuwa maneno yale ni yangu. Ningemwambia hivyo hivyo, kama kitanda kile kingekuwa cha mtoto wa mtu mwingine.

Mwalimu, kanuni inasema mtahini anaweza kubadilisha alama zake mpaka cheti cha mwisho kitolewe, na mtahini akistaafu kalamu yake inafungwa. Wewe unastaafu Baba Askofu atakapofunga hafla hii. Karatasi ni hii, naiweka mezani pako. Kalamu yako nyekundu ni hii, nimeichukua kwenye boksi lako bila ruhusa. Usibadilishe kwa ajili ya mama yangu. Yeye alikwisha kupata jibu lake, na hakulipata kwetu. Isome tu mara moja, taratibu, kama mtu aliyeulizwa swali na si kama mtu anayesahihisha. Ukimaliza ukaona bado ni thelathini na nane, nitakusindikiza mpaka getini nimebeba maboksi yako, wala sitakohoa.

Kama ilipangwa tangu awali kwamba uichukue kalamu hiyo, utaichukua hata nikinyamaza. Kama ni hiari yako, hakuna awezaye kukuchukulia. Hii ni mara ya kwanza mafundisho yetu mawili kuniambia jambo moja, nalo ni kwamba nikae chini.

Baba Askofu, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka hapa. Sasa naomba tunyamaze kidogo, mwalimu anasoma.