Meno ya Kupandia Bugarama

Kijiwe chetu kiko Buyenzi, mtaa wa mjini, mbele ya karakana ya Yaseen, kwenye benchi lililokuwa kiti cha nyuma cha basi. Tunakutana baada ya swala ya alasiri na kuachana kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Tuna sheria moja: chombo cha mtu kikijadiliwa, mwenyewe anafunga mdomo mpaka kila mmoja aseme lake, maana mwenye chombo ana haraka, na haraka inaharibu mazungumzo. Wiki ile ilikuwa zamu ya Hamimu, fundi cherehani, na pikipiki nyekundu ya marehemu baba yake, iliyonunuliwa mwaka wa uhuru. Hamimu alitaka kupanda nayo hadi Bugarama, kule milimani, akamchukue mama yake, kwani vita vilikuwa vimesogea mpaka kule juu, na bibi huyo anakaa ndani, kwenye njia isiyoingia gari, na miguu yake haimfikishi tena barabarani. Lakini pinyo ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, lilikuwa limelika likabaki kibogoyo. Spea zenyewe haziingii, nchi imefungiwa mipaka. Yaseen alihangaika mpaka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akapata pinyo mbili na mnyororo mmoja. Pinyo ndogo ina mbio, ila mlima inauogopa. Kubwa inapanda popote, lakini polepole, na mnyororo hauizunguki mpaka uungwe na kipande cha ule mkuukuu.

Hamimu alikuwa ameketi pembeni, kikombe cha kahawa mkononi, mdomo umefungwa kwa mujibu wa sheria.

— Ndogo, alisema Amissi, tunayemwita Diferansieli, yaani difu ya lori, kwa sababu aliendesha malori miaka mingi na hajaacha kutukumbusha. Anapanda nyuma ya konvoi, kweli si kweli? Basoda, bale askari banalinda musafara, banakimbiza magari. Ukibaki nyuma, umebaki peke yako na ile pori. Mbio, mbio, mbio!

— Na kwenye ile kona za Bugarama? Yaseen alimuuliza akiwa amechuchumaa, mikono myeusi kwa grisi. Pinyo ndogo itakufa pale. Atashuka, atasukuma. Konvoi imekwenda.

— Basi aweke ile kubwa, alisema Diferansieli.

— Kubwa sheni itaungwa. Kipande cha zamani kimevutika, kipya hakijavutika. Vinagombana. Siku moja pap! inakatika.

— Siku gani?

— Ingekuwa najua siku, ningekuwa mi nauza siku, siyo spea.

Tukacheka. Akilimali akashusha redio yake sikioni. Huyu anasikiliza stesheni zote za dunia na kuzichanganya, ndiyo maana jina lake ni Redio.

— Beba zote mbili, alisema. Unapanda na kubwa. Ukifika juu unafungua, unaweka ndogo, unashuka na mbio.

— Anafungua wapi? Kati ya barabara?

— Dakika kumi tu.

— Na bale ba porini banapita, atabaambia nini? Mungoje kidogo, nabadilisha pinyo?

— Bapate hata heshima kidogo kwa mutu anayetengeneza, Redio alijibu, bila hata kutabasamu.

Nami sikutaka kupitwa. Nikasema shida ni kelele, mnyororo ulowekwe kwenye mawese usiku kucha upite kimya kama paka. Yaseen akaniambia mawese yatakusanya vumbi lote la mkoa. Nikakubali kwa shingo upande.

— Nyinyi wote munakosa, Diferansieli alipaza sauti. Tuchukue ile kubwa, tuiweke mbele, kwenye moteri. Ndogo ibaki nyuma. Ile kitu haitatembea, itaruka! Konvoi ndiyo itabaki nyuma yake!

— Wallahi haitatoka hata hapa kwenye mufereji, alisema Yaseen.

— Umejaribu?

— Apana.

— Sasa unajuaje?

Ndipo tukagundua kuna mtu anatusikiliza. Alikuwa amesimama na baiskeli yenye pancha, kandambili zimejaa udongo mwekundu wa milimani. Alisema anaitwa Libère, ameshuka asubuhi ile na familia yake. Yaseen akampa nafasi kwenye benchi, Redio akammiminia kahawa. Akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia pikipiki, kisha akamgeukia Hamimu. Hakuijua sheria yetu.

— We mukubwa, ndiye mwenye hii moto, hii pikipiki?

— Ndiye mimi, Hamimu alijibu. Nadhani hata yeye alishangaa kuisikia sauti yake.

— Mama amesema atakuja?

Tukamwangalia Hamimu. Siku zote zile tulikuwa tumehesabu meno, kona, askari na grisi. Hakuna aliyeuliza hilo. Niliona aibu, nasema kweli.

— Nilimutumia neno na shofere wa lori, alisema Hamimu polepole. Nikamwambia, mama, jitayarishe, nakuja kukuchukua.

— Akajibu nini?

— Akatuma viazi.

— Viazi?

— Gunia nzima. Bila neno.

Gunia la viazi laweza kuwa la mtu anayemaliza ghala kabla ya kuhama. Laweza pia kuwa la mtu anayesema mavuno ni mazuri, mwanangu, mimi nipo hapa. Sote tulilijua hilo.

— Nauliza tu, alisema Libère. Wangu alikataa. Nilimubembeleza mpaka jua likachomoza. Akaniambia niwahi, batoto basichoke na jua.

Akanywa kahawa yake. Nilimhurumia mno. Redio alizima redio, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada.

Hamimu aliinuka, akainama juu ya pinyo mbili zilizokuwa kwenye gazeti, akaiokota ile kubwa na kumpa Yaseen.

— Weka hii.

— Sheni nitaiunga, Hamimu. Nimekuambia. Kupanda itapanda. Kurudi, mi sikuhakikishii.

— Kupanda tu ndiyo nataka uhakika.

— Na akikubali? aliuliza Diferansieli.

— Tutashuka polepole. Mama hapendi mbio.

— Na akikataa?

Hamimu alipangusa grisi ya vidoleni kwa kipande cha kitambaa alichokuwa nacho mfukoni, kama mafundi cherehani wote.

— Cherehani ya zamani ya baba iko kule. Nguo banavaa hata Bugarama.

Yaseen alichukua nyundo na msumari, akaanza kuitoa pini ya mnyororo wa zamani.